Aprili 12: Tarehe moja yasimulia vita vyote

Wako watu wanaodhani kwamba kalenda kazi yake ni kuhesabia siku za mshahara na sikukuu tu. Lakini kalenda ina tabia moja ya ajabu. Tarehe ile ile hurudi kila mwaka, na kila irudipo humkuta mwanadamu amesogea, hayupo tena pale alipokuwa mwaka uliopita. Kwa hiyo ukitaka kujua jambo limetoka wapi na limefika wapi, chukua tarehe moja tu, uifuate mwaka hadi mwaka.

Leo nataka tufanye hivyo kwa tarehe 12 ya mwezi Aprili, na jambo tutakalolifuata ni vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza mwaka 1861 na kwisha mwaka 1865. Tarehe hiyo ilivipitia vita hivyo mara tano, na kila mara iliacha alama yake.

Huenda ukauliza, vita vya watu wa mbali, vya zaidi ya karne moja iliyopita, vinatuhusu nini sisi? Swali ni la haki. Basi nikukumbushe ile nguo ambayo wazee wetu waliiita merikani. Haikuitwa hivyo bure. Pamba yake ililimwa na watumwa weusi katika majimbo ya Kusini mwa Marekani, ikafumwa katika viwanda vya Kaskazini, ikapakiwa melini hadi Unguja, na kutoka pwani ikabebwa na wapagazi hadi bara, ambako pima za merikani zilikuwa ni fedha kamili. Vita vilipozuka, pamba ilikatika, biashara ya Wamarekani Unguja ikadorora, na nguo za Kiingereza na za Kihindi zikachukua nafasi. Kwa hiyo mzinga uliolia huko ulisikika hata dukani kwetu.

Sasa, ugomvi ulikuwa wa nini? Mwaka 1860 Marekani ilikuwa na watumwa karibu milioni 4, nao wote, isipokuwa wachache sana, walikuwa katika majimbo ya Kusini. Novemba mwaka huo alichaguliwa rais Abraham Lincoln, ambaye chama chake kilipinga utumwa usienezwe katika maeneo mapya ya magharibi. Angalia neno hilo: usienezwe. Lincoln alisema wazi kwamba hakusudii kuugusa utumwa pale ulipokwisha kuwapo. Hata hivyo wenye mashamba wa Kusini waliona kwamba mti usiopewa nafasi ya kukua mwisho wake ni kukauka. Carolina ya Kusini ilijitoa katika Muungano Desemba 20, 1860. Majimbo mengine sita yakafuata, nayo yakaunda serikali yao, makao makuu yakiwa katika mji wa Montgomery, Alabama. Naomba uukumbuke mji huo, maana tutaurudia.

Hapo ndipo inapofika Aprili 12 ya kwanza, mwaka 1861.

Katika mlango wa bandari ya Charleston, huko Carolina ya Kusini, palikuwa na ngome iliyoitwa Fort Sumter. Ilikuwa bado mikononi mwa serikali ya Muungano, chini ya Meja Robert Anderson akiwa na askari wapatao 85 tu, na chakula kinakaribia kwisha. Lincoln alimpa taarifa gavana wa jimbo kwamba anatuma meli za chakula. Kutoka Montgomery ikaja amri: ngome isalimu amri, na isipokubali ipigwe. Aliyepewa kazi hiyo ni Jenerali Beauregard, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Anderson huyo huyo katika chuo cha kijeshi cha West Point, na somo alilofundishwa lilikuwa la mizinga! Saa kumi na nusu alfajiri mzinga wa kwanza ukalia.

Wenyeji wa Charleston walipanda juu ya mapaa ya nyumba zao kutazama, kama watu wanaotazama fataki. Ngome ilipigwa kwa muda wa saa 34, majengo ya ndani yakashika moto, na siku ya pili Anderson akasalimu amri. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba katika risasi na makombora yote hayo hakufa hata mtu mmoja wa upande wowote. Kifo kilikuja baadaye, wakati wa kupiga mizinga ya heshima kuiaga bendera, baruti ilipolipuka vibaya.

Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele. Lincoln aliita askari wa kujitolea 75,000, na muda wao wa kutumika ulikuwa miezi mitatu tu. Majimbo mengine manne yakajitoa na kuhamia upande wa Kusini, yakatimia 11. Pande zote mbili ziliamini kwamba mambo yatakwisha upesi. Watu weusi huru wa Kaskazini nao walikwenda kujiandikisha, wakarudishwa makwao. Na mwezi Julai Bunge la Marekani likapitisha azimio kwamba vita hivi ni vya kuulinda Muungano, si vya kuingilia utumwa. Kwa maneno mengine, mtu mweusi alikuwa ndiye kiini cha ugomvi, lakini hakualikwa barazani.

Mwaka ukazunguka. Aprili 12 ya pili, mwaka 1862, ilileta kisa ambacho Wamarekani wamekisimulia sana, na hata kukitengenezea sinema mwaka 1926.

Jasusi mmoja wa Kaskazini, raia kwa jina James Andrews, aliingia kwa siri katika jimbo la Georgia pamoja na askari wapatao 20 waliovaa nguo za kiraia. Katika kituo kidogo cha Big Shanty treni ilisimama ili abiria na wafanyakazi wake wapate kifungua kinywa. Wakati watu wanakula, Andrews na wenzake walikikata kichwa cha treni, kilichoitwa "General", pamoja na mabehewa matatu, wakaondoka nacho huku kambi ya askari wa Kusini ikitazama! Shabaha yao ilikuwa kuchoma madaraja, kung'oa reli na kukata nyaya za simu kati ya Atlanta na Chattanooga, ili jeshi la Kaskazini liukamate mji wa Chattanooga bila adui kuweza kupeleka msaada.

Kondakta wa treni hiyo, William Fuller, hakukubali. Alianza kulifukuza garimoshi kwa miguu. Ndiyo, kwa miguu. Kisha akapata toroli la reli la kusukuma, kisha kichwa kimoja cha treni, kisha kingine, na mwisho kichwa kiitwacho "Texas", ambacho alikiendesha kinyumenyume kwa sababu hapakuwa na nafasi ya kukigeuza. Mvua ilikuwa imelowesha mbao za madaraja, zikakataa kushika moto. Baada ya karibu kilomita 140 kuni zikawaishia wezi wale, wakatawanyika porini, na wote wakakamatwa. Wanane walinyongwa, Andrews akiwa mmoja wao. Sita miongoni mwa walionusurika ndio waliokuwa watu wa kwanza kabisa kupewa Medali ya Heshima, nishani kubwa kuliko zote za kijeshi za Marekani, mwezi Machi 1863. Wawili waliosahauliwa, Philip Shadrach na George Wilson, walitunukiwa mwaka 2024, miaka 162 baada ya kunyongwa.

Ni kisa cha ushujaa, hakuna ubishi. Lakini kitazame vizuri. Ni watu weupe wa Kaskazini wakifukuzana na watu weupe wa Kusini juu ya reli, madaraja na bendera. Mtumwa aliyekuwa akilima kando ya reli ile hatajwi. Hivyo ndivyo vita vilivyokuwa mwaka wa pili.

Hata hivyo, chini kwa chini mambo yalikuwa yakibadilika. Kila jeshi la Kaskazini lilipopita, watumwa walitoroka mashambani na kulikimbilia. Makamanda wakaulizana tuwarudishe au tuwapokee? Siku nne tu baada ya kisa cha treni, Bunge na rais wakaufuta utumwa katika mji mkuu, Washington. Mwezi Julai ikatoka sheria iliyoruhusu watu weusi kuchukuliwa jeshini. Na Januari 1, 1863, Lincoln akatangaza kwamba watumwa wote walio katika maeneo yaliyoasi ni watu huru.

Aprili 12 ya tatu, mwaka 1863, tunaikuta Louisiana, katika nchi ya mashamba ya miwa. Jenerali Banks wa Kaskazini alikuwa akipambana na Jenerali Richard Taylor wa Kusini, mtoto wa rais wa zamani na mwenye shamba la miwa yeye mwenyewe, mahali paitwapo Fort Bisland. Mizinga ilipigwa siku hiyo na kesho yake, kisha Taylor akaona atazungukwa, akaondoka usiku. Kama mapigano, hayakuwa makubwa sana. Lakini yana jambo moja la kutafakari. Wilaya ile ilikuwa imeachwa nje ya tangazo la Lincoln. Kisheria, watumwa wa pale walikuwa bado ni watumwa. Wao hawakungoja sheria. Jeshi lilipopita waliacha mashamba kwa maelfu na kulifuata. Na kabla mwezi wa Mei haujaisha, jenerali yule yule Banks alivipeleka vikosi vya askari weusi wa Louisiana kuishambulia ngome ya Port Hudson. Walikufa wengi, na ngome haikuanguka siku hiyo. Lakini maneno ya wale waliosema kwamba mtu mweusi akiona moto atakimbia yaliishia pale.

Serikali ya Kusini ilijibu kwa ukali. Ilitangaza kwamba askari mweusi si askari. Akikamatwa hatatendewa kama mateka wa vita bali kama mtumwa aliyeasi, na ofisa mweupe anayemwongoza aweza kuuawa. Lincoln naye akaonya kwamba kila askari wa Muungano atakayeuawa kinyume cha sheria za vita atalipiziwa.

Ndugu msikilizaji, sasa tumefika Aprili 12 ya nne, mwaka 1864, nayo ndiyo iliyonifanya nichague tarehe hii.

Kando ya mto Mississippi, kaskazini mwa mji wa Memphis, palikuwa na ngome ya Fort Pillow. Ndani yake mlikuwa na askari wa Muungano wapatao 600. Karibu nusu yao walikuwa weusi, wapiga mizinga, wengi wao watumwa wa jana. Nusu nyingine walikuwa weupe wa Tennessee waliokataa kuufuata uasi wa Kusini. Aliyekuja kuishambulia ni Jenerali Nathan Bedford Forrest, hodari wa vita vya farasi, na kabla ya vita alikuwa mfanyabiashara wa watumwa huko Memphis. Fikiri mwenyewe mtu aliyezoea kuwapanga watu weusi sokoni, sasa anawakuta ukutani wameshika bunduki.

Forrest alikuwa na askari wengi kuliko ngome nzima mara mbili au tatu. Asubuhi kamanda wa ngome, Meja Booth, aliuawa kwa risasi. Alasiri Forrest akapeleka kitambaa cheupe na kudai wasalimu amri. Meja Bradford, aliyeshika nafasi ya Booth, akaomba saa moja ya kufikiri. Akapewa dakika 20. Alipokataa, tarumbeta ikapigwa, na askari wa Forrest wakapanda ukuta.

Ngome ilianguka kwa muda mfupi sana. Kilichofuata hakikuwa vita tena. Askari waliotupa silaha na kuinua mikono walipigwa risasi. Wengine waliokimbilia mtoni waliuawa majini. Hesabu yenyewe inatosha kuwa shahidi. Upande wa Kusini ulipoteza watu 14. Upande wa Muungano, karibu nusu ya ngome nzima walikufa. Tena wafu hao hawakugawanyika sawa. Kwa askari weupe, alikufa mmoja katika kila watatu hivi. Kwa askari weusi, walikufa karibu wawili katika kila watatu. Risasi ya vitani haichagui rangi, bali mkono unaolenga mtu aliyekwisha kujisalimisha huchagua. Kamati ya Bunge ilichunguza na kusema kwamba yalikuwa ni mauaji ya halaiki. Wanahistoria wameendelea kubishana kama Forrest mwenyewe alitoa amri. Ama kwamba watu waliosalimu amri waliuawa, ushahidi ni mwingi, na baadhi yake umo katika barua za askari wa Kusini wenyewe.

Kwa nini ukatili huo? Wako watakaosema ni hasira za vita tu. Lakini hasira za vita hazielezi tofauti ile ya hesabu. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni hili: utumwa mzima ulisimama juu ya dai moja, kwamba mtu mweusi si mtu kamili. Askari mweusi akipokelewa kama mateka, akahesabiwa na kubadilishwa na mateka mweupe, mtu kwa mtu, dai hilo limekwisha. Hayo si maneno yangu tu ya leo. Siku tano baada ya Fort Pillow, Jenerali Grant aliagiza kwamba mateka hawatabadilishana mpaka Kusini ikubali kuwatendea askari weusi na weupe sawa. Kusini ilikataa. Kubadilishana mateka kulikwama, na maelfu ya wafungwa wa pande zote mbili wakafa kwa njaa na maradhi katika makambi. Hiyo ndiyo bei iliyolipwa juu ya swali moja dogo: je, huyu ni mtu?

Na tusiwasifu watu wa Kaskazini kupita kiasi. Wakati wa Fort Pillow, serikali hiyo hiyo ya Muungano ilikuwa ikimlipa askari wake mweusi dola 10 kwa mwezi na kumkata 3 za nguo, ilhali mweupe alipata dola 13. Vikosi vingine vya weusi viligoma kupokea mshahara kabisa kuliko kupokea pungufu. Sheria ya kusawazisha ilipitishwa Juni 1864, miezi miwili baada ya mauaji yale. Jumla ya watu weusi waliotumika katika jeshi la nchi kavu ilifikia takriban 179,000, na waliokufa, wengi wao kwa maradhi, ni karibu 40,000. Wapiganapo tembo nyasi huumia, ndivyo tunavyosema. Safari hii nyasi zilisimama zikashika bunduki.

Aprili 12 ya tano, mwaka 1865, ilikuwa ya kuhesabiana. Siku tatu kabla yake Jenerali Lee wa Kusini alikuwa amesalimu amri kwa Grant katika kijiji cha Appomattox, Virginia, na miongoni mwa majeshi yaliyomzuia njia mlikuwa na vikosi kadhaa vya askari weusi. Tarehe 12, miaka minne kamili tangu mzinga wa Sumter, askari wa miguu wa Lee walipita mmoja mmoja kikosi kwa kikosi, wakarundika bunduki zao, wakalaza bendera zao juu yake. Jenerali Chamberlain wa Kaskazini aliwaamuru askari wake wawape heshima ya kijeshi. Hakuna aliyezomewa wala kufungwa. Watu wapatao 28,000 walipewa hati za kurudi makwao, na wenye farasi wakaruhusiwa kwenda nao kulimia.

Siku hiyo hiyo mji wa Mobile ulijisalimisha. Na siku hiyo hiyo askari wa farasi wa Kaskazini waliingia Montgomery, mji ule ule ilikotoka amri ya kupiga Sumter. Siku mbili baadaye Anderson alirudi Sumter kuipandisha bendera aliyoiteremsha. Usiku wa siku hiyo Lincoln akapigwa risasi, akafa asubuhi. Desemba mwaka huo utumwa ukafutwa katika Katiba. Vita ambavyo siku yake ya kwanza havikuua mtu viliua zaidi ya watu 600,000.

Tumejifunza nini, ndugu msikilizaji? Kwanza, kwamba anayeanzisha vita hapangi vitakavyokwisha. Kusini ilipiga mzinga kuulinda utumwa, na mzinga huo ndio ulioufupishia maisha. Kaskazini ilikwenda kuulinda Muungano bila kumgusa mtumwa, ikajikuta haiwezi kushinda bila yeye. Pili, kwamba watu wale hawakupewa uhuru kama sadaka. Waliutembelea kwa miguu huko Louisiana, na wakaulipia kwa damu huko Fort Pillow.

Na tatu, kwamba kurundika bunduki si mwisho wa mambo. Waliopewa heshima pale Appomattox walikuwa ni watu weupe, wakipewa na weupe wenzao. Wafu wa Fort Pillow hawakupata saluti ile. Baada ya vita Forrest alikuwa kiongozi wa kwanza wa Ku Klux Klan, na mji wa Memphis ulimjengea sanamu akiwa juu ya farasi, iliyosimama mpaka ilipoondolewa Desemba 2017. Na huko Montgomery, miaka 90 baada ya mji kusalimu amri, mwanamke mmoja mweusi, Rosa Parks, alikamatwa kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Swali lilikuwa ni lile lile la Fort Pillow.

Tarehe hurudi kila mwaka. Kazi yetu ni kuiuliza inatukuta tumesogea kiasi gani.